Tutenge kivuli kabla ya kupima viwanja

Ndugu zangu wa Kilangali, na majirani wa Tindiga, Masanze, Ulaya na Mikumi mjini, nina ombi. Nalisema mapema ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke nalo: kabla viwanja havijapimwa, kabla dalali hajaanza kupita na simu mbili mkononi, tukae kwenye mkutano mkuu wa kijiji tutenge ardhi ya wote. Ukingo wa mto. Kipande cha msitu. Uwanja wa watoto. Miti ya kivuli pale mama zetu watakapouzia mboga. Tuitenge, tuiandike kwenye daftari, tuiwekee mipaka inayoonekana.

Jibu litakalotangulia nalijua. Mtu wa Kilangali aambiwe habari za bustani na misitu? Pori sisi tunalo la kumwaga. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ipo tangu 1964, kilomita za mraba 3,230, na upande wa kusini inapakana na lile pori kubwa la Selous ambalo sehemu yake sasa inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Huko Udzungwa nako ni hifadhi tangu 1992. Tembo hawasubiri kualikwa. Mahindi yakikomaa wanakuja wenyewe. Mkulima aliyekesha juu ya dungu akipiga debe mpaka alfajiri hana hamu ya kuhubiriwa uzuri wa wanyamapori, nami sitamhubiria.

Lakini hebu tuulizane. Hiyo hifadhi, jioni baada ya kazi unaweza kwenda kukaa na wajukuu chini ya mti wake? Watoto wanaweza kuchezea mpira humo? Bibi anaweza kuingia kuchimba mizizi ya dawa? Hapana, na sheria ina sababu zake. Hifadhi ya taifa ni mali ya taifa zima, ina geti na kiingilio, na humo anaishi simba. Watoto wengi wa wilaya hii ya Kilosa humaliza darasa la saba wakiwa wameiona kupitia dirisha la basi tu, kwenye zile kilomita 50 hivi za barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa zinazoikatiza katikati, pale penye vibao vya faini kwa dereva atakayegonga mnyama. Twiga anaonekana, basi linapita, basi.

Kwa hiyo tunaweza kuishi ubavuni mwa mojawapo ya hifadhi kubwa za nchi na bado tukakosa mahali pa kupumzikia. Ndiko tunakoelekea, na kasi yake si ndogo.

Tazameni hesabu. Katika sensa ya 2012 Mkoa wa Morogoro ulikuwa na watu milioni 2.2. Sensa ya 2022 ikakuta karibu milioni 3.2. Karibu watu milioni moja wameongezeka kwa miaka kumi, na hawakuongezeka wote Manispaa ya Morogoro. Wamefuata ardhi yenye maji, na ardhi yenye maji ni mabonde kama letu. Mpunga ndio uliowaleta wengi, na mpunga unalipa. Kisha ikaja reli ya kisasa. Treni za abiria zilianza kati ya Dar es Salaam na Morogoro katikati ya 2024, zikafika Dodoma mwezi uliofuata, na Kilosa imo kwenye njia hiyo, na mahandaki yake yaliyotoboa milima yetu. Barabara ya kutoka Dumila kupitia Rudewa na Kilosa hadi Mikumi nayo imekuwa ikiwekewa lami kipande kwa kipande. Mtu wa Dar es Salaam ambaye zamani alihesabu Kilosa kuwa mwisho wa dunia, sasa anapanda treni asubuhi na kufika kabla chai haijapoa tumboni. Akifika, anauliza bei ya eka.

Sina ugomvi na wageni. Nusu ya watu wanaosoma maneno haya babu zao walikuja kwa kazi ya mashamba ya mkonge. Wasagara, Wavidunda, Wakaguru, Waluguru, Wabena, Wangoni, Wasukuma, Wamaasai na Waparakuyo, sote tumo humu. Ninachotaka tukione ni jinsi mji unavyojijenga wenyewe pasipo na mtu wa kuupanga. Kwanza kibanda cha chipsi kando ya barabara. Pembeni yake kijiwe cha bodaboda, halafu duka la pembejeo, mashine ya kukoboa, gesti. Nyuma ya gesti vyumba vya kupanga. Uwanja uliokuwa wa mpira unakatwa kona kwa ajili ya ghala, mwaka unaofuata unakatwa kona nyingine kwa ajili ya nyumba ya ibada, na nani atabishana na nyumba ya ibada? Mto unasogelewa na bustani za nyanya, halafu na choo, halafu na msingi wa nyumba. Hakuna aliyekaa siku moja akaamua kwamba Kilangali isiwe na mahali pa wazi. Inatokea tu, kwa sababu kila aliyeomba alipewa, na hakuna aliyeomba kwa niaba ya watoto.

Mkulima wa mpunga anajua anachotakiwa kufanya. Hatoi gunia la kwanza sokoni kabla hajatenga mbegu ya msimu ujao. Anayeuza kwanza, akasema mbegu nitatoa kwenye kitakachobaki, sote tunajua mwaka ukifika anakwenda kwa nani kukopa.

Dar es Salaam ndiyo iliyouza kwanza. Bonde la Msimbazi lilikuwa njia ya maji tangu mji ule haujawa mji. Watu wakajenga, wengi wao maskini waliokosa pengine pa kwenda, wengine si maskini hata kidogo. Desemba 2011 mvua ilipozidi, zaidi ya watu 40 walipoteza maisha jijini na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mafuriko yakarudi, tena na tena, mpaka magari ya mwendokasi yakawa yanashindwa kupita Jangwani. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliponya bonde lile: kulipa fidia, kubomoa, kupanua mto, kuinua daraja la Jangwani, na sehemu ya chini ya bonde kuigeuza bustani kubwa ya jiji. Mtanzania wa Kilangali naye yumo katika watakaolipa deni hilo. Serikali inakopa ili kununua upya nafasi ya wazi ambayo Mungu alikuwa ameitoa bure.

Wala hatuhitaji kwenda Dar kutafuta mfano wa maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulipasua tuta ukaingia Kilosa mjini. Waliokuwepo wanakumbuka. Maelfu ya watu waliishi kwenye mahema, reli ya kati ikang'olewa, treni zikasimama kwa miezi. Sababu zilikuwa nyingi. Tuta lenyewe lilikuwa la zamani, na huko juu milima ya Rubeho na Ukaguru ilikuwa imevuliwa miti ikabaki kuteremsha mchanga. Mto uliojaa mchanga hauna pa kuweka maji yake, unayamwaga pembeni. Sisi wa huku chini tuko pembeni. Maji ya Mkondoa na Miyombo yakitoka milimani huja kutulia kwenye bonde letu la Tindiga na Mkata kabla ya kujiunga na Wami kwenda kumwagika Bahari ya Hindi kule Saadani. Matete na ardhioevu tunazoziona ni uchafu wa kusafishwa ndizo zinazoyapunguza kasi na kuyaachisha mchanga. Tukilima mpaka mdomoni mwa mto, mwaka wa mvua nyingi majaruba yataondoka na mpunga wake. Hili halihitaji mtaalamu, mnalijua kuliko mimi.

Ndiyo maana ombi langu linaanza na ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeshasema, kifungu cha 57, kwamba shughuli za kudumu za binadamu zisiwe ndani ya meta 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na vyanzo vingine vya maji. Sheria ipo kwa miaka zaidi ya 20 na nyanya zipo. Sababu moja, nadhani, ni kwamba tumeitangaza sheria hii kama katazo peke yake. Afisa anakuja, anaweka alama ya X, anaondoka, na meta 60 zinabaki ardhi ya hakuna mtu. Na ardhi ya hakuna mtu huwa na mtu kabla ya jua kuzama. Tufanye kinyume chake. Tuipe matumizi. Mikuyu ipandwe karibu na maji, kwa kuwa mkuyu unashika udongo na ndege wanaupenda. Mianzi, mikwaju na miembe ifuate nyuma. Ipite njia ya miguu, watoto waitumie kwenda shule, wazee waitumie kutembea magoti yasikaze. Mizinga ya nyuki iwe ya vikundi vya akina mama. Patengwe penye kina kizuri pa kunyweshea ng'ombe, pajulikane, ili mifugo isibomoe kingo kila mahali. Ukingo wenye watu wanaoupenda haunyang'anywi kirahisi.

La msitu nitalikalia zaidi, maana hapa wilaya yetu ina jambo la kujivunia na wengi wetu hatulisemi.

Tangu 2012 baadhi ya vijiji vya Kilosa viliingia kwenye mradi wa mkaa endelevu pamoja na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, yaani TFCG, na MJUMITA, ule mtandao wa vijiji vyenye misitu, kwa fedha za Serikali ya Uswisi. Ulaya Mbuyuni, Nyali, Ihombwe, Kitunduweta ni baadhi yavyo. Hawako mbali na sisi. Walichofanya kinashangaza mtu aliyezoea kusikia kwamba mkaa na msitu ni maadui. Kijiji kilianza na mpango wa matumizi bora ya ardhi, kikatenga msitu wa hifadhi wa kijiji. Ndani ya msitu ule, sehemu ndogo tu ikapimwa kwa ajili ya mkaa, ikagawanywa vitalu vya meta 50 kwa 50. Kitalu kimoja kinakatwa, cha jirani yake kinaachwa, mfano wa ubao wa drafti. Kilichokatwa kinapumzika miaka 24. Visiki having'olewi wala havichomwi moto, kwa sababu miti ya miombo ikikatwa kwa urefu unaofaa huchipua yenyewe kutoka kwenye kisiki, haihitaji kitalu cha miche wala mtu wa kumwagilia. Miti mikubwa ya mbao kama mninga haiguswi kwa mkaa. Miteremko mikali na kingo za mito haziguswi kabisa.

Mchoma mkaa akawa na kibali cha kijiji na risiti, akaacha kukimbia doria usiku. Ushuru wa kila gunia ukaingia kwenye akaunti ya kijiji, na fedha zile zikajenga madarasa, zikakarabati zahanati, zikachimba visima. Kamati ya maliasili ikapata posho ya kufanya doria. Msitu ukaanza kulindwa kwa sababu kijiji kizima kiliona fedha zake zinakokwenda kila mwaka. Kanuni zilizotoka 2019 ziliongeza ngazi za vibali, na viongozi wa vijiji hivyo wanaweza kuwaeleza wenyewe zilivyowachelewesha. Sitaki kuwachorea picha isiyo na doa. Najua pia kwamba taifa limeazimia kufikia 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi, na siku hiyo ikifika soko la mkaa litapungua. Vema. Msitu utabaki, na asali, uyoga, mbao na mvua yake. Ninachotaka mjue ni kwamba msingi wa yote haya ulikuwa ni kikao, na daftari, na mipaka iliyokubaliwa kabla eneo halijaliwa.

Sasa nije kwenye hofu, maana ipo na ina haki yake. Mzee mmoja akisikia neno "hifadhi" anashika kofia yake. Amewahi kuona, au amesimuliwa na baba yake, jinsi mipaka ya serikali inavyosogea usiku na kumkuta mtu ndani. Watu wamewahi kutolewa kwenye ardhi zao kwa jina la wanyama, kwa jina la misitu, kwa jina la wawekezaji, na nchi nyingine ni hivyo hivyo. Wamarekani wanajivunia ile bustani yao kubwa katikati ya New York, Central Park. Bunge la jimbo liliamua mwaka 1853 kuitenga ardhi ile wakati mji bado haujaifikia, na leo hakuna fedha ya kuinunua. Uamuzi wa busara kweli. Ila humo ndani kulikuwa na kijiji, Seneca Village, wengi wa wakazi wake watu weusi wenye viwanja vyao vya halali, wenye makanisa na shule. Wakatolewa 1857, na kwa zaidi ya miaka mia hakuna aliyewataja. Bustani ya namna hiyo siiombi. Tukitenga ardhi Kilangali, isiwe kwa kumhamisha mjane mwenye nusu eka bondeni huku mwenye eka 50 akisalimiwa kwa heshima.

Na uzuri ni kwamba hatulazimiki. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999. Inaigawa ardhi yetu mafungu matatu: ya jumuiya, ya watu na familia, na ya akiba. Halmashauri ya kijiji inapendekeza ipi iwe ya jumuiya, mkutano mkuu ndio unaopitisha. Sheria ya Misitu ya 2002 nayo inakipa kijiji nguvu ya kutangaza msitu wake chenyewe, kuutungia sheria ndogo na kubaki na mapato. Msitu wa hifadhi wa kijiji si msitu wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wala wa TFS, wakala wa serikali wa misitu. Ni wetu, kamati ni yetu, faini tunaipanga sisi, na funguo hazipelekwi Dodoma. Ninachoogopa mimi ni ardhi isiyoandikwa popote. Hiyo ndiyo inayokuja kugawiwa kwenye meza ya chai, na siku mnashtuka tayari kuna uzio.

Wafugaji wasisahauliwe kwenye kikao hiki. Nalisema kwa uzito kwa sababu wilaya yetu ina kaburi la kutukumbusha: Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, zaidi ya watu 30 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Tangu hapo tumekuwa na vikao vingi vya amani na mapito machache ya ng'ombe. Mapito ya mifugo ni ardhi ya wote sawa na uwanja wa mpira. Yapimwe, yawe mapana, yaunganishe maji na malisho bila kukata shamba la mtu. Laigwanani, kiongozi wa Wamaasai, akikaa meza moja na mwenyekiti wa kitongoji wakati ramani bado ni penseli, kazi ni nusu. Ramani ikishakuwa wino, kazi ni polisi.

Wanyamapori nao wana mapito. Jirani zetu wa bonde la Kilombero wamelishughulikia hilo: ushoroba wa tembo kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere umerejeshwa kwa makubaliano na vijiji, na chini ya barabara ikajengwa njia ya tembo kupitia, ya kwanza ya aina yake nchini. Wakulima kule pia wamejaribu uzio wa mizinga ya nyuki, kwa kuwa tembo anamwogopa nyuki kuliko anavyoogopa debe. Sisi tunaoishi kaskazini mwa Mikumi tungefanya vizuri kuwatembelea, kwa basi moja la wajumbe, kabla hatujaandika chochote.

Kenya wana somo la aina nyingine. Mwaka 1989 pale Nairobi serikali ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai, mama aliyekuwa ameanzisha harakati za kupanda miti mwaka 1977, akaandika barua, akatukanwa bungeni, akaendelea kuandika, na jengo halikujengwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikawa zamu ya msitu wa Karura, ambao vipande vyake vilikuwa vimegawiwa wenye nguvu. Januari 1999 akaenda kupanda miti na wenzake, wakapigwa na watu wenye rungu mpaka damu ikamtoka kichwani. Msitu ukapona. Leo ni hekta elfu moja na zaidi, watu wanakimbia humo asubuhi, wanaendesha baiskeli, wanafunga ndoa kando ya maporomoko. Mwaka 2004 dunia ikampa Maathai Tuzo ya Nobel ya Amani. Namheshimu sana mama yule, ila sitamani Kilangali imhitaji. Sitaki binti wa mtu apasuliwe kichwa mwaka 2045 kwa ajili ya uwanja ambao sisi tungeweza kuuandika leo kwa kalamu ya shilingi mia tatu.

Nimebakisha sehemu iliyo ndogo kwa eneo, na kwa maisha ya kila siku huenda ndiyo kubwa: kivuli cha senta. Simameni pale penye maduka saa nane mchana, mwezi wa kumi na moja, kabla ya vuli kukolea. Mama lishe kajifunika kanga kichwani. Mtoto kalala chini ya meza ya nyanya. Vijana wa bodaboda wamebanana kwenye upenu wa duka, mwenye duka anawafukuza, wanarudi. Mabati yanatoa joto juu, vumbi linatoa joto chini. Wazee wetu walioishi kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, njia iliyopita bonde hili hili la Mkondoa, walijua kupanda miembe mahali pa kupumzika. Sisi tuna mipango, tuna wahandisi, na senta zetu mpya hazina hata mti mmoja.

Kwa hiyo pale viwanja vitakapopimwa, ramani iwe na uwanja wa gulio wenye miti kuuzunguka, na uwanja wa michezo wenye ukubwa kamili, si kile kilichobaki baada ya kila mtu kuchukua. Upana wa barabara za mitaa utoshe mti na mtaro. Makaburi yaachiwe miti yake ya asili. Yale ya mababu, yenye miti mikubwa iliyokuwa ikiheshimiwa kwa matambiko, yasiguswe kabisa, awe mtu anaamini au haamini. Shule ipewe eneo la kuotesha msitu mdogo wa wanafunzi, na miti iwe ya kwetu: mkambala, mng'ongo, mkwaju, mpingo. Mpingo unakua polepole mno, atakayeupanda hatauvuna, na hiyo si sababu ya kutoupanda. Mikaratusi inakua haraka na inauzika, sina neno nayo mbali na maji. Kando ya mto msiilete.

Kuna pia yale mashamba makubwa ya mkonge yaliyotelekezwa, ambayo baadhi hati zake zimefutwa na ardhi kurudi kwa wananchi. Yanapogawiwa, kila mtu anafika na kamba yake mkononi. Nawaomba madiwani wetu na mheshimiwa mbunge: katika kila shamba linalorudishwa, fungu la jumuiya litoke kwanza, mbele ya macho ya watu, ndipo eka za mtu mmoja mmoja zifuate. Mkigawa zote halafu mkatafuta nafasi ya shule na msitu, mtaitafuta kwa fidia.

Wengine watauliza fedha iko wapi. Kutenga hakuhitaji fedha nyingi. Kupima kunahitaji, na hapo halmashauri ya wilaya ina wataalamu wa ardhi na misitu ambao kazi yao ndiyo hiyo. Tuwaandikie barua, tusiwasubiri. Mawe ya mipaka yanaweza kuanza kwa miti na mikonge iliyopandwa mstari, kama wazee walivyofanya. Wana wa Kilangali mlioko Morogoro, Dar es Salaam na hata ng'ambo, nanyi mnaotuma fedha za msiba kwa siku moja zikatosha, mchango wenu wa kupimisha ardhi ya jumuiya hautashinda msiba mmoja.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau mara moja kila miezi mitatu. Upo mmoja kabla ya masika. Ninachoomba ni mtu mmoja asimame, mwanamke ikiwezekana, kwa kuwa wao ndio wanaojua kuni zilisogea umbali gani na maji yalianza kuchafuka lini, aseme: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba suala la ardhi ya jumuiya liwe ajenda." Mwingine aunge mkono. Mtendaji aandike, na maandishi yale yasomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Siku inayofuata wazee watangulie kwa miguu kuonyesha maji yalipofika mwaka wa mafuriko, wanafunzi wafuate na daftari wachore, vijana wabebe mapanga. Miche ya mikuyu haina haja ya kununuliwa, tawi lake likichomekwa penye unyevu mvua za kwanza zikianza huota lenyewe. Anayejua ulipo mkuyu mkubwa wa kukatia matawi, karibu na Kilangali, awaambie wenzake mapema.